Saini za kumbukumbu za historia ya magari

Saini za kumbukumbu za historia ya magari ni saini zilizoandikwa kwa mkono na watu waliohusika na historia ya usafiri wa magari, kama vile madereva wa mashindano, wasafiri wa kwanza, mafundi, mawakala wa magari na madereva wa malori na mabasi. Saini hizo huonekana kwenye picha, vitabu vya programu za mashindano, barua, kadi za posta, leseni, hati za mizigo na wakati mwingine kwenye vipande vya gari lenyewe. Nchini Tanzania neno *sahihi* hutumika kwa maana ileile.

Saini ya namna hii ina thamani kwa wakusanyaji, lakini pia ni ushahidi wa kihistoria. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako barabara ilitangulia reli kwa miongo mingi, karatasi zilizosainiwa na watu wa barabara ni sehemu kubwa ya kumbukumbu za usafiri zilizobaki majumbani. Ili saini ikubalike kama ushahidi ni lazima *ithibitishwe*, yaani ioneshwe kuwa imeandikwa na mtu anayetajwa, na *ihifadhiwe* bila kupoteza alama zinazothibitisha hivyo. Kazi hizo mbili zinategemeana: uhifadhi mbaya huweza kuifanya saini halisi isithibitike tena.

## Aina

Saini za historia ya magari zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

* Saini za mashabiki: zilizoombwa kwa dereva maarufu kwenye programu, picha au kofia. Ndizo zinazouzwa zaidi minadani na ndizo zinazoghushiwa zaidi.
* Saini za kikazi: zilizo kwenye leseni, kadi za gari, mikataba, stakabadhi za gereji, hati za mizigo na kadi za muda za mashindano. Aliyesaini hakuwa na nia ya kuacha kumbukumbu, kwa hiyo mara nyingi hazina sababu ya kughushiwa kwa ajili ya soko la kumbukumbu.
* Saini za wageni: zilizo kwenye vitabu vya wageni vya hoteli, misheni na ofisi za serikali ambako wasafiri walipumzika.

Katika kundi la pili kuna pia *alama za dole gumba*. Madereva na utingo wengi wa zamani ambao hawakusoma shule waliweka dole gumba kwa wino badala ya kusaini. Alama hiyo si pungufu ya saini. Kwa upande wa uthibitishaji inaweza kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu mwandiko unaweza kuigwa lakini mistari ya kidole ya watu wawili haifanani.

## Historia

### Wasafiri wa kwanza

Safari ya kwanza ya gari iliyovuka Afrika kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi ilianzia Dar es Salaam. Mjerumani Paul Graetz aliondoka huko tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Gari lake lilitengenezwa Gaggenau, Ujerumani.

Safari ya Chaplin Court Treatt na mkewe Stella kutoka Cape Town hadi Cairo ilianza Septemba 1924 na kumalizika Januari 1926, wakitumia magari mawili ya Crossley. Walipita Tanganyika wakati ambapo barabara nyingi zilikuwa njia za miguu zilizopanuliwa. Stella aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kilichotoka mwaka 1927.

### Barabara ya Nyanda za Juu Kusini

Barabara kuu iliyounganisha Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na Kenya ilipita Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipovutia watu wengi. Kwa kuwa reli haikufika huko, idara ya reli ya Tanganyika, na baadaye shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, iliendesha malori na mabasi yaliyounganisha Nyanda za Juu Kusini na reli ya kati. Kila mzigo na kila abiria alikuwa na karatasi yake, na karatasi hizo zilihitaji saini.

### Mashindano ya Safari

Mashindano ya magari yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally yalifanyika kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Morogoro ilikuwa mojawapo ya vituo vya kuanzia, pamoja na Nairobi na Kampala. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, ambao mara nyingi ni msimu wa mvua.

Washindi ambao saini zao hutafutwa zaidi na watu wa Tanzania ni Bert Shankland na msomaji ramani wake Chris Rothwell, walioshinda mwaka 1966 na 1967 wakiendesha Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Wengine ni:

* Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi;
* Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano: mwaka 1973 na kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982;
* Nick Nowicki na Paddy Cliff, walioshinda mwaka 1963 na 1968 kwa Peugeot. Katika kila moja ya miaka hiyo miwili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho.

### Malori ya Zambia

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru. Njia za Zambia za kupitishia bidhaa upande wa kusini ziliingia mashakani, na mafuta yakaanza kusafirishwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na ajali zilikuwa nyingi. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania kwa ajili ya kazi hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Hati za mizigo za kipindi hicho, zenye saini au dole gumba la dereva, mtoaji wa mzigo na mpokeaji, ni kumbukumbu za pekee. Mara nyingi ndipo mahali pekee ambapo jina la dereva wa kawaida liliandikwa. Hazina bei kubwa sokoni na kwa sababu hiyo hutupwa au hutumika kuwashia moto, ilhali saini ya bingwa hutunzwa kwenye fremu.

## Uthibitishaji

Wataalamu hawaanzi na umbo la saini. Huanza na karatasi ilikotoka, kisha tarehe, kisha wino na karatasi, na mwisho mwandiko. Sababu ni kwamba mwandiko ndio sehemu ambayo mghushi huifanyia mazoezi zaidi, na mara nyingi husahau hayo mengine.

### Historia ya umilikaji

Swali la kwanza ni: karatasi hii imepita mikononi mwa nani tangu iliposainiwa? Maelezo mazuri hutaja aliyeipata, kazi yake wakati huo, mahali na mwaka, na namna ilivyomfikia mwenye nayo sasa. Maelezo hayo huungwa mkono na vitu vingine, kama barua ya ajira, picha ya siku ileile, bahasha yenye muhuri wa posta au shajara. Maelezo ya mdomo ya wazee yana thamani, lakini yanapaswa kuandikwa mapema, yakitaja msimulizi na tarehe aliyosimulia.

Karatasi inayokutwa pamoja na nyingine za mtu yuleyule, kwa mfano ndani ya tranka moja la fundi wa gereji, huaminika zaidi kuliko ileile ikiwa imetengwa. Kwa hiyo kuzitenganisha karatasi ili kuuza ile yenye jina maarufu hupunguza ushahidi wa zote.

### Tarehe na majina

Majina ya nchi, miji, mashirika na mashindano yamebadilika mara kadhaa, na mabadiliko hayo husaidia kugundua udanganyifu. Yafuatayo ni muhimu kwa Nyanda za Juu Kusini:

* Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Jina *Tanzania* lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964. Hati iliyochapwa jina hilo ikiwa na tarehe ya 1962 ina kasoro.
* Tukuyu iliitwa Neu Langenburg wakati wa Wajerumani. Mbala, upande wa Zambia, iliitwa Abercorn wakati wa Waingereza.
* Mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mbeya mwaka 2016. Hati ya Tunduma ya mwaka 1970 inapaswa kutaja Mbeya, si Songwe.
* Shilingi ya Tanzania ilianza mwaka 1966, mwaka ambao Benki Kuu ilifunguliwa. Kabla yake ilitumika shilingi ya Afrika Mashariki.
* Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mashirika yake ya pamoja ya reli na posta yakaisha.
* Mashindano ya Safari yaliitwa Coronation Safari tangu 1953, East African Safari tangu 1960, na Safari Rally tangu 1974.

Tarehe ya kifo nayo ni kipimo. Shekhar Mehta alifariki mwaka 2006 na Joginder Singh mwaka 2013. Kwa hiyo bango la Safari Rally ya mwaka 2021, mwaka ambao mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia, haliwezi kuwa na saini halisi ya yeyote kati yao.

Hata hivyo, tofauti ya tarehe si lazima iwe udanganyifu. Dereva Mwingereza Pat Moss, aliyeshiriki Safari ya mwaka 1962, aliolewa na dereva Msweden Erik Carlsson mwaka 1963 na baadaye akajulikana kwa jina la Pat Moss-Carlsson. Picha ya mwaka 1962 yenye saini ya jina la ndoa inaweza kuwa halisi, ila ilisainiwa baada ya ndoa. Kinachokuwa si kweli ni maelezo kwamba ilisainiwa siku ya mashindano. Tarehe ya picha na tarehe ya saini ni mambo mawili tofauti.

Njia ya mashindano pia haikuwa moja kila mwaka. Anayedai kwamba dereva alisaini katika mji fulani anapaswa kulinganisha dai hilo na ramani ya programu ya mwaka huohuo.

### Karatasi na wino

Vifaa vya uandishi vina historia yake. Kalamu za kibiringo, zinazoitwa peni au biki, zilianza kuuzwa kwa wingi baada ya mwaka 1945, na kalamu ya kampuni ya Bic iliingia sokoni mwaka 1950. Kabla ya hapo watu wengi walisaini kwa kalamu ya wino au penseli. Kalamu za ncha laini, ambazo leo huitwa maka peni, zilienea kuanzia miaka ya 1960. Saini ya maka peni yenye tarehe ya mwaka 1953 inatia shaka.

Vifaa rahisi vinatosha kwa uchunguzi wa awali:

* Lenzi ya kukuzia huonesha kama saini imechapwa. Saini iliyochapwa pamoja na picha huwa na vidoadoa vya wino wa mashine, wala haina mkandamizo wa kalamu. Biki huacha mfereji mdogo katikati ya mstari.
* Mwanga wa pembeni, kama wa tochi iliyolazwa karibu na karatasi, huonesha mkandamizo wa kalamu na alama za penseli zilizofutwa. Mghushi mara nyingine huchora kwanza kwa penseli kisha hupitisha wino juu.
* Taa ya kukagulia noti, ambayo maduka mengi yanayo, hutoa mionzi ya urujuanimno. Karatasi nyingi za kisasa hung'aa rangi ya samawati kwa sababu ya dawa za kung'arisha zilizoanza kutumika viwandani mnamo miaka ya 1950. Karatasi ya mwaka 1930 inayong'aa sana inatia shaka. Lakini karatasi isiyong'aa haithibitishi kuwa ni ya zamani, kwa kuwa zipo za kisasa zisizo na dawa hizo.

Ni lazima pia kuangalia wino umepita wapi. Wino uliosambaa ndani ya mkunjo au mpasuko wa zamani huonesha kwamba saini iliandikwa baada ya karatasi kukunjwa au kupasuka.

### Mwandiko

Saini inayochunguzwa hulinganishwa na saini kadhaa ambazo uhalisi wake haupingwi, za kipindi kilekile. Saini za kikazi, kama zile za fomu na barua, ni mifano mizuri ya kulinganishia. Mambo yanayoangaliwa ni mwendo wa kalamu, mahali inapoinuliwa, mwinamo, uwiano wa herufi na namna mstari unavyoanza na kuisha. Mtu anayesaini jina lake huandika kwa kasi, na ncha za mistari huwa nyembamba. Anayeiga huandika polepole, mstari hutetemeka na miisho huwa butu.

Hakuna mtu anayesaini sawasawa kabisa mara mbili. Saini mbili zinazolingana nukta kwa nukta zinaonesha kwamba moja imenakiliwa au zote zimetoka kwenye muhuri au mashine ya kusaini. Kwa upande mwingine, saini iliyowekwa juu ya bonneti ya gari, katikati ya umati na mvua, inaweza kutofautiana sana na ile ya mezani bila kuwa ya bandia.

### Vyeti

Katika soko la kimataifa kuna kampuni zinazotoa vyeti vya uhalisi, kama PSA na JSA za Marekani. Cheti ni maoni ya aliyekitoa, wala hakiwi bora kuliko uchunguzi uliofanyika. Katika miaka ya 1990 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilifanya operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya waghushi wa saini za wanamichezo, na ikabainika kwamba saini za bandia ziliuzwa pamoja na vyeti vya uhalisi. Kwa hiyo cheti chenyewe nacho huhitaji kuchunguzwa: nani amekitoa, lini, na kwa kuangalia nini.

### Mfano wa uchunguzi

Tuseme familia moja ya Iringa ina kitabu cha programu cha mashindano ya mwaka 1967, kinachosemekana kusainiwa na Shankland na Rothwell. Uchunguzi unaweza kufuata hatua hizi:

1. Jalada linapaswa kuwa na jina East African Safari, na tarehe zinapaswa kuwa za karibu na Pasaka ya mwaka huo, iliyokuwa tarehe 26 Machi.
2. Programu huchapwa kabla ya mashindano. Ikiwa karibu na saini yameandikwa maneno yanayomaanisha *washindi wa 1967*, basi yaliandikwa baada ya kumalizika. Hilo halibatilishi saini, lakini linabatilisha hadithi kwamba ilipatikana kabla ya magari kuondoka.
3. Saini mbili zinapaswa kuonesha mikono miwili tofauti. Kalamu inaweza kuwa moja, kwa sababu shabiki mara nyingi huazimisha yake.
4. Wino uangaliwe kwa lenzi na mwanga wa pembeni, na karatasi ya saini ilinganishwe na kurasa nyingine za kitabu hichohicho.
5. Familia iulizwe nani alikipata na alikuwa wapi. Jibu kama *babu alikuwa fundi wa gereji wakati huo* lina nguvu likiambatana na barua ya kazi au picha.
6. Mwisho, saini zilinganishwe na mifano isiyopingwa ya watu hao.

Jibu la uchunguzi huwekwa katika mojawapo ya ngazi nne: *imethibitishwa*, *inaelekea kuwa halisi*, *haijathibitishwa* na *si halisi*. Vitu vingi hubaki katika ngazi ya pili na ya tatu, na huo si uchunguzi ulioshindwa. Kosa ni kuuza kitu cha ngazi ya tatu kwa maneno ya ngazi ya kwanza.

## Uhifadhi

### Hatari za mazingira

Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Baridi ya huko ni nafuu kwa karatasi kuliko joto la pwani. Tatizo ni unyevu wa msimu mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na tofauti kubwa ya joto kati ya mchana na usiku chini ya paa la bati. Unyevu huleta ukungu, hufanya wino kusambaa na hugandisha picha kwenye kioo cha fremu. Maadui wengine ni mchwa, mende, panya, moshi wa jiko na mwanga wa jua, ambao hufifisha wino wa biki na maka peni.

### Makosa ya kawaida

* Kupiga laminesheni. Huu ndio uharibifu unaofanywa kwa nia njema zaidi. Joto na gundi huunganisha plastiki na karatasi bila njia rahisi ya kuitoa, na baada ya hapo mkandamizo wa kalamu hauchunguziki na wino haupimiki. Saini iliyopigwa laminesheni inaweza kubaki *haijathibitishwa* daima.
* Selotepu na gundi. Huacha madoa ya njano yanayoingia ndani ya karatasi.
* Pini, klipu za chuma na raba bendi. Hushika kutu au huyeyuka na kuganda.
* Kukolezea saini iliyofifia. Anayepitisha kalamu juu ya saini ya zamani huifuta kama ushahidi.
* Kupiga pasi karatasi iliyokunjamana na kuianika juani.
* Kutundika ukutani mahali penye jua au juu ya jiko.

### Njia zinazofaa

Karatasi iwekwe katika bahasha au folda isiyo na asidi. Isipopatikana, karatasi nyeupe nzuri ya kuandikia ni afadhali kuliko gazeti au kaki, ingawa inafaa kubadilishwa baada ya muda. Mifuko ya plastiki ya poliesta inafaa. Ile laini yenye harufu, ya aina ya PVC, haifai kwa sababu hutoa kemikali na kushika wino. Picha zisigusane uso kwa uso.

Folda ziwekwe ndani ya boksi, na boksi juu ya rafu au tranka lililoinuliwa kutoka sakafuni na kuachwa mbali na ukuta wa nje, ili mchwa waonekane mapema na hewa ipite. Vyumba vya kuhifadhia nyaraka hulenga joto la nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi na unyevu usiozidi asilimia 50 hivi. Nyumbani, jambo la msingi ni kuepuka mabadiliko ya ghafla: chumba cha katikati ya nyumba ni bora kuliko stoo au darini. Boksi likaguliwe angalau mwanzoni na mwishoni mwa mvua. Dawa za wadudu na vidonge vya nafthalini visigusane na karatasi.

Mikono iwe safi na mikavu. Maelezo yaandikwe kwa penseli laini kwenye bahasha, au nyuma ya karatasi mahali pasipo na maandishi upande wa pili, kamwe si kwa biki.

Karatasi iliyolowa ianze kukaushwa ndani ya saa 48, kabla ukungu haujaota. Ilazwe kivulini juu ya kitambaa au karatasi nyeupe inayonyonya maji, penye hewa inayopita. Karatasi zilizogandana zisibanduliwe kwa nguvu.

### Nakala za kidijiti

Kila waraka upigwe skani pande zote mbili, pamoja na bahasha yake, kwa angalau nukta 300 kwa inchi, na saini yenyewe kwa nukta 600. Nakala zitunzwe mahali pawili tofauti. Nakala ya kidijiti huokoa maandishi lakini haiokoi karatasi, wino wala mkandamizo. Kwa hiyo si sababu ya kutupa waraka wa asili.

## Sheria na taasisi

Kutengeneza waraka wa uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya ni kughushi, kwa mujibu wa kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 huruhusu mahakama kusikiliza maoni ya mtaalamu wa mwandiko na pia ya mtu anayeufahamu mwandiko wa mhusika. Shauri likifika polisi, nyaraka hupelekwa kwa wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi wa Jeshi la Polisi.

Leseni na kadi za gari zina taarifa za watu. Kabla ya kuziweka hadharani inafaa kuficha namba na anwani za walio hai, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nyaraka za serikali husimamiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa chini ya sheria ya mwaka 2002. Hati ya ofisi ya umma inayokutwa mitaani inaweza kuwa bado ni mali ya umma, kwa hiyo haifai kuuzwa kabla ya kuuliza. Mjini Iringa, jengo la zamani la Boma lililojengwa na Wajerumani ni makumbusho ya mkoa tangu mwaka 2016. Familia inayotaka kukabidhi waraka kwa makumbusho au maktaba inashauriwa kuandikiana hati ya makabidhiano inayotaja kama waraka umetolewa moja kwa moja au umeazimishwa, na kukabidhi pamoja nao maelezo ya aliyeusaini, aliyeutunza na namna ulivyofika hapo.

## Tazama pia

* Safari Rally
* Mkoa wa Mbeya
* Mkoa wa Iringa
* TAZARA
* Makumbusho